Kaunti ituambie maji yalitoka siku ngapi

Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa tarehe 30 Juni, na baada ya hapo huingia msimu wa kuhesabu mafanikio. Gavana huhutubia bunge la kaunti, diwani huitisha mkutano katika wadi yake, na orodha ndefu husomwa: zahanati mpya, choo kipya cha soko, kisima kilichochimbwa, taa za barabarani, kilomita kadhaa za barabara zilizotiwa changarawe. Wananchi hupiga makofi, na picha za utepe ukikatwa hutokea magazetini.

Sina ugomvi na kusomwa kwa orodha hiyo. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 kinamtaka gavana awasilishe kwa bunge la kaunti ripoti ya kila mwaka kuhusu utekelezaji wa sera na mipango, na pia atoe hotuba juu ya hali ya kaunti. Anayefanya hivyo anatimiza wajibu wake, na aliyefanya kazi nzuri ana haki ya kujisifu. Ugomvi wangu ni juu ya kile kinachohesabiwa. Ripoti hizi aghalabu huhesabu majengo na mitambo. Afya ya jamii hutegemea jambo lingine, nalo ni idadi ya siku ambazo majengo na mitambo hiyo ilifanya kazi.

Choo kilichofunguliwa mwezi wa Agosti kikatiwa kufuli mwezi wa Oktoba huandikwa kimoja katika ripoti, sawasawa na choo kilichotumika mwaka mzima. Mfereji unaotoa maji siku mbili kwa juma huhesabiwa mmoja, kama ule unaotoa maji kila siku. Viini vya maradhi havisomi ripoti. Kipindupindu hakiulizi kama mfereji ulizinduliwa. Huingia siku ile maji yalipokosekana na mama akalazimika kuchota mtoni.

Mfano wa Awasi

Tuuchukue mji wa Awasi katika Kaunti ya Kisumu uwe mfano wetu. Mji huu uko kwenye barabara kuu itokayo Kisumu kwenda Kericho, ukishapita Ahero, katika uwanda wa Kano. Wilaya ya Nyando ilipomegwa kutoka Wilaya ya Kisumu mwaka 1998, Awasi ndio uliofanywa makao makuu. Ulikuwa na baraza lake la mji, hadi mabaraza yote ya nchi yalipovunjwa mwaka 2013 na serikali za kaunti kushika hatamu. Leo mji huo umo katika wadi ya Awasi/Onjiko, mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Nyando na mojawapo ya wadi 35 za kaunti nzima.

Kwa nini Awasi? Kwa sababu mji mdogo wa aina hii ndio unaoonyesha waziwazi tofauti kati ya kujenga na kuhudumia. Jiji la Kisumu lina hospitali kubwa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji wengi bado huiita Russia, na huduma ikikosekana pale kelele husikika Nairobi. Katika mji mdogo wa njiani, zahanati ikikaa bila dawa kwa juma zima hakuna gazeti linaloandika. Mgonjwa hupanda bodaboda akaenda Ahero, au hurudi nyumbani.

Isitoshe, mazingira ya Kano hayasamehe uzembe. Ardhi yenyewe ni udongo mweusi mzito, unaopasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa mvua. Shimo la choo lililochimbwa humo bila kujengewa kuta huporomoka. Mto Nyando nao hubeba maji ya mvua kutoka nyanda za juu za Nandi na Kericho, na mvua za masika zikizidi huvunja kingo zake ukafurika sehemu za chini kama vile Kobura na Kabonyo/Kanyagwal. Mwaka 2020, na tena mwaka 2024, familia nyingi za uwanda huu zilihama makwao. Maji ya mafuriko yakipita juu ya vyoo vya shimo kisha yakaingia visimani, kinyesi cha jana huwa ndiyo maji ya kunywa ya leo. Hapo ndipo kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu hupata njia. Maji yakipungua, madimbwi yaliyobaki huzaa mbu wa malaria katika eneo ambalo tayari malaria ni ya mwaka mzima.

Msomaji wa Nairobi au Nakuru asidhani kwamba haya hayamhusu. Mchele wa Ahero na sukari ya ukanda wa Nyando huliwa mijini. Abiria wa barabara ile hushuka kununua chakula na kutafuta choo. Tena wengi wetu tunaoishi mijini tuna wazazi katika miji midogo kama hiyo, na simu ya usiku ya kuomba nauli ya kwenda hospitali tunaijua sana.

Hakuna kisingizio

Kuna wakati ambapo mabaraza ya mitaa yaliweza kusema kwamba afya haikuwa kazi yao. Sheria iliyopitishwa mwaka 1969 iliyapokonya mabaraza ya kaunti elimu ya msingi, afya na barabara, na kazi hizo zikarudishwa kwa serikali kuu. Mabaraza yakabaki na masoko, taka na vichinjio, huku mapato yakizidi kupungua. Baadaye, kwa sheria ya mwaka 1998, kilianzishwa kile kilichojulikana kama LATF, ambapo asilimia 5 ya kodi ya mapato iligawiwa mabaraza. Fedha hizo zilisaidia, lakini diwani wa zamani alikuwa bado na haki ya kusema kwamba daktari si wake na dawa si zake.

Katiba ya mwaka 2010 ilibadilisha mambo hayo. Jedwali lake la Nne linazipa kaunti vituo vya afya na maduka ya dawa ya umma, magari ya kubeba wagonjwa, huduma za msingi za afya, leseni za wauza vyakula, uondoaji wa taka, maji na usafi, pamoja na mitaro ya maji ya mvua mijini. Kifungu cha 43 nacho kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, haki ya usafi wa mazingira wa kuridhisha na haki ya maji safi na salama ya kutosha. Kwa maneno mengine, maji, choo, taka na zahanati sasa viko chini ya paa moja. Tangu mwaka 2013 hakuna wa kumsukumia mwenzake.

Ni haki pia kukiri kwamba kazi imefanyika. Mwezi wa Desemba 2018 mpango wa majaribio wa afya kwa wote ulizinduliwa mjini Kisumu, na kaunti hiyo ikawa miongoni mwa nne za kwanza nchini, pamoja na Machakos, Nyeri na Isiolo. Jaa la Kachok, lililokuwa mlima wa uvundo karibu na Uwanja wa Moi jijini Kisumu, lilianza kuondolewa baada ya miaka mingi ya malalamiko. Mwezi wa Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini kote walikabidhiwa mikoba ya vifaa, ikakubaliwa kwamba wapewe posho ya kila mwezi, nusu kutoka kwa serikali kuu na nusu kutoka kwa kaunti. Hayo ni mafanikio ya kweli.

Lakini kila moja ya hayo hufundisha jambo lile lile. Kuondoa ada kulileta wagonjwa mlangoni. Kilichoamua kama watatibiwa ni dawa kuwapo rafuni. Kuhamisha jaa kulisafisha mahali pamoja. Kitakachozuia jaa jipya ni lori la taka kupita kila siku iliyopangwa. Mhudumu wa afya ya jamii mwenye mkoba hufanya kazi nzuri, mradi posho yake isicheleweshwe miezi kadhaa na mkoba usibaki mtupu.

Kisa cha mpini wa pampu

Mwaka 1854 kipindupindu kilizuka katika mtaa wa Soho jijini London. Watu zaidi ya 500 walikufa kwa muda wa siku 10 hivi. Daktari John Snow alizunguka nyumba kwa nyumba akagundua kwamba wengi wa waliokufa walikuwa wakinywa maji ya pampu moja ya Broad Street. Alikwenda mbele ya baraza la parokia, yaani serikali ya mtaa ya enzi hizo, akaeleza hesabu yake. Kesho yake, tarehe 8 Septemba, baraza liliondoa mpini wa pampu ile. Ugonjwa ulikuwa tayari umeanza kupungua, lakini hatua hiyo imekumbukwa hadi leo kama mwanzo wa elimu ya kudhibiti maradhi ya mlipuko.

Baraza lile halikujenga kitu. Halikukata utepe. Mafanikio yake makubwa ya mwaka huo yalikuwa kung'oa kipande cha chuma, kwa sababu mtu mmoja alikuwa amehesabu sawasawa. Jambo la pili halisimuliwi sana: hatari ilipopita, mpini ulirudishwa, na shimo la uchafu lililovujisha kinyesi kwenye kisima likagunduliwa baadaye. Hatua ya siku moja haitoshi bila uangalizi wa kila siku.

Tarakimu nne

Nashauri kwamba kila ripoti ya mwaka ya kaunti, kabla ya kufika kwenye orodha ya majengo, ijibu maswali manne kwa kila wadi. Majibu yawe tarakimu, na yabandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya wadi na wa zahanati, kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji. Kwa Awasi, iwe Kiswahili na Dholuo.

La kwanza: maji yalitoka siku ngapi kati ya 365, na siku ngapi yalipimwa yakakutwa na klorini ya kutosha? Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba maji yanapomfikia mtumiaji yawe bado na angalau miligramu 0.2 za klorini katika kila lita. Kipimo hicho ni rahisi. Huchukua dakika chache na kifaa kinachotosha mfukoni. Mahali ambapo watu huteka kwenye visima na vioski, vipimwe hivyo hivyo.

La pili: zahanati ilikosa dawa za lazima siku ngapi? Haina haja ya kutaja dawa zote. Zitajwe tano tu: dawa ya malaria, amoksilini ya watoto wenye nimonia, chumvi za kuzuia upungufu wa maji mwilini pamoja na vidonge vya zinki, oksitosini ya kuzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua, na chanjo. Mama anayevuja damu baada ya kuzaa anaweza kufa kwa saa chache, na oksitosini iliyokaa nje ya baridi hupoteza nguvu. Kwa hiyo swali hili lina mkia wake: friji ya zahanati ilikuwa kati ya nyuzi 2 na 8 siku ngapi?

La tatu: choo cha soko kilikuwa wazi, kikiwa na maji na sabuni, siku ngapi, na taka za soko zilizolewa mara ngapi? Wauzaji wa soko wengi ni wanawake, nao hukaa pale kutwa nzima. Mwanamke asiye na choo hujizuia kunywa maji na kujizuia haja, na hapo maambukizo ya njia ya mkojo humwandama. Muuza samaki asiye na pa kunawa ndiye anayetuuzia kitoweo.

La nne: kabla ya mvua za masika, mitaro mingapi ilizibuliwa, na vyoo vingapi vya shule na zahanati vilijengewa kuta au kuinuliwa juu ya usawa wa mafuriko? Mafuriko ya Kano si ajali. Huja mwezi wa Machi hadi Mei, na mwaka ambao hayakuja ni wa kushukuru Mungu. Kugawa mablanketi mwezi wa Mei kusihesabiwe kuwa mafanikio iwapo mtaro haukuguswa mwezi wa Februari.

Najua majibu ya wakuu wa kaunti. Watasema fedha kutoka hazina kuu huchelewa, na ni kweli huchelewa. Watasema wauguzi hugoma, na hilo pia hutokea. Basi siku hizo ziandikwe, na sababu iandikwe kando yake. Ripoti itakayosema kwamba zahanati ilikaa siku 40 bila amoksilini kwa kuwa fedha za robo ya pili zilichelewa itampa gavana silaha nzuri ya kudai haki ya kaunti yake Nairobi kuliko malalamiko ya jumla. Mwananchi naye atajua alaumu nani.

Wengine watasema kuhesabu ni gharama. Gharama gani? Zahanati ina kadi ya kila dawa inayoonyesha lini ilikwisha. Joto la friji ya chanjo huandikwa asubuhi na jioni. Kampuni ya maji ina mita. Choo cha soko kina mhudumu anayekusanya shilingi kumi kumi. Dereva wa lori la taka hutia sahihi anapochukua mafuta. Tarakimu zote hizi zimo vitabuni tayari. Kinachokosekana ni mtu wa kuzijumlisha na ujasiri wa kuzitangaza.

Wajibu wa mwananchi

Sisi nasi tusikae tukingoja. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 imeweka kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hupelekwa bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Kati ya tarehe hizo kaunti hulazimika kusikiliza maoni ya umma. Katika vikao hivyo watu wengi huomba kitu kipya, kila kijiji na zahanati yake. Lakini zahanati mpya isiyo na muuguzi wala dawa huigawanya ile ya zamani nusu mbili dhaifu. Afadhali mara moja wadi iseme: mwaka huu hatutaki jengo, tunataka yaliyopo yafanye kazi siku zote.

Iwapo ofisi itakataa kutoa tarakimu, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuandika barua na kujibiwa kwa muda wa siku 21. Habari inayohusu uhai wa mtu hutakiwa kutolewa kwa saa 48. Barua ya chama cha akina mama wa soko ikiuliza choo kilifungwa siku ngapi ina uzito sawa mbele ya sheria na barua ya wakili. Kadhalika, tangu sheria ya mwaka 2023 ya fedha za kuboresha vituo vya afya, pesa zinazokusanywa na kituo cha umma zinatakiwa kubaki kituoni hapo. Kamati ya zahanati ina haki ya kuulizwa, na wajibu wa kujibu, pesa hizo zilinunua nini.

Wakati huo huo, anayeishi mahali ambapo maji hayaaminiki asisubiri ripoti ya mwaka. Achemshe maji ya kunywa hadi yatokote, au ayatie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kutoka chooni na kabla ya kushika chakula. Mtoto akiharisha apewe maji yenye chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Aendelee kunyonya na kula, na apelekwe zahanati mapema, hasa macho yakididimia, akishindwa kunywa au choo kikiwa na damu.

Mama huyo akifika zahanati saa tatu asubuhi, akakuta mlango wazi, muuguzi yupo, chumvi na zinki zipo, na bomba la kunawia linatoa maji, kaunti imefaulu siku hiyo. Ripoti ya mwaka haina budi kutuambia siku kama hizo zilikuwa ngapi.